Anti, alinipa stori yake tukaiweka kwenye igizo, sasa anataka itoke

Anti shikamoo,

Naandika saa nane za usiku, usingizi sina wiki ya pili sasa, kwa hiyo nikirukaruka nivumilie tu.

Mimi ni msichana wa miaka 25, nipo Tanga mjini, naomba usitaje jina wala mtaa. Nina kikundi cha maigizo, sio cha kusajiliwa wala nini, ni vijana 9 tu wa mitaa ya jirani, wengine wamemaliza chuo wapo nyumbani, wawili bodaboda, mmoja fundi cherehani, mmoja anauza juisi ya miwa. Hakuna anayelipwa. Mazoezi tunafanyia kwenye darasa la shule ya msingi jioni watoto wakishaondoka, mlinzi tunampa elfu mbili, umeme ukikatika tunawasha tochi za simu tunaendelea.

Tulipoanza hatukua na skripti. Niliwaambia kila mtu aje na kitu kimoja kutoka kwao, akae mbele, atuambie siku gani alijiuliza hivi mimi naishi kwa ajili ya nini. Nilidhani watacheka, hakuna aliyecheka. Mmoja alikuja na karatasi za mikeka ya kubeti amezifunga na mpira wa pesa. Mwingine kaja na beji ya semina ya mafanikio aliyolipia elfu hamsini. Kuna dada kaja na bahasha ya CV kopi 14 ambazo alikua anazipeleka kila akisikia kuna kampuni imeshuka kule Chongoleani kwenye bomba la mafuta. Mmoja kaja na sauti ya kaka yake aliyeko Uarabuni, ile voisi noti tu, akatusikilizisha. Kutoka hapo tukatengeneza igizo la vijana watano wa kijiweni, kila mmoja anatafuta maana ya maisha kivyake, yupo wa dini, wa pesa, wa mapenzi, wa kusafiri, na mmoja ambaye anajifanya yeye ameshapata. Huyo anayejifanya ndo stelingi wetu na anayemcheza nitamwita Hamza, sio jina lake.

Hamza alikuja na shati jeupe. Amesoma ualimu, kamaliza 2021, ajira hakuna, anaishi na mama yake, baba alishafariki. Lile shati ni la kuendea usaili, mama yake analipiga pasi ya mkaa kila asubuhi analitundika mlangoni hata kama hakuna usaili wowote, anasema riziki ikija ikukute umevaa. Basi siku moja Hamza akalivaa akamwambia mama nimepata kazi, ofisi moja ya mizigo huko bandarini. Uongo. Anasema alitaka tu amuone mama yake anafurahi asubuhi ile moja, jioni angemwambia mambo yameharibika. Jioni ikafika akashindwa. Anti ikawa miezi 7. Kila siku anatoka saa moja kasoro, anatembea mpaka Raskazone anakaa chini ya mti anaangalia meli, saa kumi na moja anarudi eti kachoka. Mwisho wa mwezi anampa mama "mshahara", elfu themanini, laki, pesa za kukopa, mwanzo kwa marafiki alafu kwenye ile mikopo ya kausha damu. Alipozidiwa akasema ofisi imefungwa. Mama yake alimshika kichwa akamwambia pole mwanangu Mungu atafungua nyingine. Na zile hela mama hakula, alikua anapeleka kwenye kikoba, akanunua tofali. Zipo nje kwao mia tatu na kitu, zimepangwa vizuri, mama anaziita tofali za Hamza. Sisi tulishawahi kuzikalia siku tumeenda kumsalimia, kabla hatujajua.

Alipomaliza kusimulia darasa zima kimya. Nikamuuliza tunaweza kuitumia hii? Akasema chukua tu, labda itamsaidia mtu.

Sini yenyewe haina maneno mengi. Dada anayecheza mama anapuliza pasi majivu yatoke, anapitisha kola, mikono, mgongo, analileta shati mbele anamvalisha. Hamza anafunga vifungo na kila siku anakosea kimoja, kifungo cha juu kinaingia tundu la pili shati linakaa upande, mama anavifungua vyote anaanza upya taratibu. Alafu anatoka. Basi, imeisha. Shati ni lile lile la ukweli, alilileta mwenyewe na lipo kwenye begi langu la vifaa vya steji. Kuna siku mlinzi alikua anachungulia dirishani, akaondoka anajifuta macho na kofia yake.

Sasa zimebaki wiki tatu. Ukumbi tumelipia nusu. Kuna mzee mmoja mfanyabiashara alikuja mazoezini akaona ile sini, akasema atatoa laki sita za viti na mziki, na akasema hii sini ndo igizo lenyewe, mengine ni mboga tu. Juzi Jumanne Hamza kanifuata tukiwa tunafunga madirisha akasema ile sini itoke. Nikamuuliza kwanini, akasema mama kaulizia shati. Alafu akasema mama yake ameshawatangazia wenzake wa kikoba kwamba mwanangu anaigiza, wanakuja kina mama kumi na kitu na wanataka kuvaa sare. Mimi nikamwambia si umwambie mama asije. Akaniangalia tu.

Anti nilikasirika na mpaka sasa nina hasira. Niliacha kibanda cha uwakala wa pesa nilichokua nakaa kwa ajili ya hili igizo, nyumbani wananiona kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia stori uliitoa mwenyewe, sasa hivi ni ya kikundi sio ya kwako peke yako. Hakujibu. Alhamisi alikuja mazoezini kama kawaida, kaigiza kila kitu vizuri, ilipofika ile sini akakaa chini sakafuni. Wenzangu wamegawanyika, wengine wanasema tumpe mtu mwingine aicheze, wengine wanasema Hamza akiumia na wao wanatoka.

Kuna kitu naona aibu kukisema ila nakisema. Nimesoma, nimekaa nyumbani, nimeuza, na hakuna kitu kimewahi kuniamsha asubuhi nina hamu ya kuamka kama hili igizo. Likiharibika sijui narudi wapi. Hivi mimi ni mtu mbaya? Nifanyeje Anti, nimbane, nimpe mwingine, au niitoe tu tubaki na mboga?

Msomaji wako, Tanga

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuna vitu umeviandika harakaharaka kama unapita njia, na kwangu mimi ndo vilivyonikalisha chini, kwa hiyo usinichoke nikivirudia.

Nikikuelewa vizuri, swali ulilolileta ni hili: stori ikishatolewa mbele ya watu, ikafanyiwa mazoezi miezi na miezi, ikapata mtu wa kucheza mama na mtu wa kushika tochi, inabaki kuwa ya nani? Hamza aliitoa kwa mdomo wake, hakuna aliyemlazimisha. Nyie mmeipa mwili. Sasa anaitaka, zimebaki wiki tatu, kuna hela juu yake na kuna tumbo lako juu yake. Na nyuma ya hilo kuna swali lingine umeliweka mwishoni na kusema unaona aibu. Nitalifikia.

Hasira yako siishangai hata kidogo. Mtu aliyeacha kibanda chake kwa ajili ya kitu halafu kitu kinatikisika asipokasirika tutamuogopa. Mimi mwenyewe ujana wangu nilipita kwenye vikundi vya namna hiyo, vya darasa la kuazima na chai ya rangi, najua watu wanavyopendana haraka mle ndani, mnaelezana jioni moja mambo ambayo nyumbani mngekaa nayo miaka kumi. Ndo uzuri wake. Na ndo maana pia mtu anaweza kutoa kitu ambacho kesho yake akiwa kwao, amekaa karibu na mama yake wanachambua mchele, anajiuliza hivi jana nilisema nini.

Sasa tuliangalie lile neno lake, "chukua tu". Unaliegemea sana na naelewa kwanini. Ila nakuomba ukumbuke alilisema akiwa wapi na anaongea na nani. Alikua mbele ya watu wanane anaowaamini, mwanga wa simu, mlango umefungwa. Je, alikua anaikubalia ile jioni, au alikua anakubalia ukumbi uliojaa na mama yake kakaa mstari wa pili na sare? Mimi sijui, na nina wasiwasi hata wewe hujui, maana swali la pili hukumuuliza, ulimuuliza la kwanza tu. Sio kosa, kipindi kile hakuna aliyejua kama kutakua na ukumbi. Ruhusa zipo zinazokua pamoja na mambo na zipo zinazobaki saizi ile ile mambo yakizidi kuwa makubwa.

Hapa kuna mtu nataka nikuambie habari zake, kwa sababu kazi unayoifanya ameifanya kabla yako. Anaitwa Augusto Boal, Mbrazili, kwao walimkamata mwaka 1971 akaishia uhamishoni, na mwaka 1973 alikua Peru kwenye mpango wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Walikua wanaigiza matatizo ya watu, wakifika kwenye mgogoro wanasimama wanawauliza watazamaji, sasa huyu afanyeje? Akaja mama mmoja kwa aibu, akasema mimi tatizo langu sio la siasa lakini naomba mnisaidie. Mume wake alikua anamuomba hela kila mara, anamwambia anawajengea nyumba, na kila akichukua hela anamuachia karatasi zimeandikwa kwa mkono, anasema ndo risiti, zitunze. Yeye hajui kusoma, akazitunza. Siku wamegombana akampelekea jirani anayejua kusoma, kumbe ni barua za mapenzi kutoka kwa mwanamke mwingine. Na mume anarudi kesho. Wakaigiza. Watazamaji wakatoa mawazo, na kuna mwanamama mmoja mwenye mwili hakuridhika na waigizaji walivyokua wanalifanya wazo lake, wanajaribu anakataa, wanajaribu tena anakataa, mpaka Boal akamwambia basi panda mwenyewe utuonyeshe. Akapanda, akachukua ufagio, yule aliyecheza mume alikiona. Kuanzia hapo jamaa akaanza kuwaruhusu watazamaji kupanda steji, na njia hiyo leo inatumika nchi nyingi, na sisi tumo.

Nimekusimulia kirefu kwa sababu ya tofali. Nyumba ya uongo, hela za kweli, nilivyosoma habari ya mama Hamza nikamkumbuka yule mama wa Peru hapo hapo. Lakini angalia tofauti. Kule aliyedanganywa ndo aliyeileta stori, kwa miguu yake, na aliitaka hadharani kwa sababu kesho yake alikua na jambo la kuamua. Kwenu aliyedanganywa hajaulizwa chochote. Stori ya Hamza ina watu wawili ndani yake, na wewe umechukua ruhusa ya mmoja. Sikuambii hiyo inamaliza mjadala, kuna sanaa kubwa imetoka kwa watu kusema ukweli wa nyumbani kwao bila kuomba ruhusa kwa kila ndugu. Nakuambia tu hesabu yako ilikosa mtu, ulimhesabu Hamza na kikundi.

Halafu hili la pili, na hapa nataka twende polepole. Umeandika kote kama vile mama hajui. Hamza naye anaamini hajui. Unajuaje?

Mwanangu, huyo ni mama anayepiga shati pasi ya mkaa kila asubuhi. Na nani unadhani alikua anafua? Shati jeupe, miezi saba, kwa mkono, kwenye beseni. Shati la mtu anayekaa ofisini linachafuka kwenye kola na kwenye viwiko. Shati la mtu anayeshinda amekaa chini ya mti Raskazone linachafuka mgongoni alipoegemea na lina chumvi ya upepo wa bahari, ukilikausha linakakamaa. Na suruali je? Wanawake waliofua maisha yao yote nguo wanazisoma kama wewe unavyosoma meseji. Na zile hela hakula. Umeandika wewe mwenyewe, kwa haraka, "mama hakula". Mama ambaye mwanae kapata mshahara wa kwanza, nyumbani hakuna baba, hata kilo ya nyama hakununua? Kila senti kaigeuza kitu kilichosimama pale nje na kukipa jina la mwanae. Mimi nikisoma hivyo najiuliza kama hakua anamtunzia ili siku ikifika ya kulipa kuwe na kitu cha kuuza.

Inawezekana nimekosea kabisa. Inawezekana mama wa watu hajui chochote na ana furaha zake. Sasa nakuomba sana usikimbie kwa Hamza kumwambia Anti kasema mama yako anajua, kwa sababu hata kama ni kweli haikupi tiketi ya kuirudisha ile sini. Fikiria kama anajua. Basi miezi saba kakaa kimya kwa makusudi ili mwanae asiaibike, amembeba kimyakimya. Sasa mumuweke ukumbini na wenzake wa kikoba, waliokua wanapokea hela zile kila mwisho wa mwezi, wote wamevaa sare, taa zizimwe, pasi ianze kupulizwa. Unaweza ukawa ndo usiku mzuri kuliko wote maishani mwao wawili. Unaweza pia ukawa umemvua nguo mtu aliyekua anamfunika mwanae. Wewe unaona upi? Mimi naona yote mawili, na ndo maana siwezi kukuambia fanya hivi.

Njoo kwenye ile kauli ya mzee wa laki sita, kwamba sini ile ndo igizo, mengine mboga. Umeirudia mpaka mwisho wa barua, "tubaki na mboga", yani imeshakuingia. Yeye kaja mara moja. Wewe ndo uliyekuwepo siku ya beji ya semina, siku ya voisi noti ya kaka aliyeko Uarabuni, siku ya bahasha ya CV 14. Kumi na nne, mimi Anti yako nimezihesabu na wewe, ile bahasha imenikaa. Una uhakika ni mboga? Au ni kwamba ile sini ya shati ilikua imeiva mapema, ikapewa muda wote wa mazoezi, na nyingine zimebaki mbichi kwa sababu kuna moja inayobeba mzigo? Nauliza kama mtu aliyeona vikundi vikiegemea sini moja kama mlevi na nguzo. Huenda uko sahihi na bila shati hakuna kitu. Lakini jibu hilo ulitafute wewe kwenye darasa lako, jioni moja mpitishe igizo zima bila ile sini na muone pengo linakaaje, sio kwa kauli ya mwenye hela.

Basi njia ulizonazo, kama ninavyoziona, na kila moja na mwiba wake.

Kumbana Hamza aicheze. Anaweza kukubali, ana moyo laini, mtu aliyedanganya miezi saba ili mama afurahi ni mtu asiyejua kusema hapana. Hiyo ndo inayonitia hofu. Ile hapana aliyokuambia mkiwa mnafunga madirisha, sijui imemgharimu kiasi gani, inawezekana ndo ya kwanza kuisema tangu avae lile shati.

Kumpa mwingine aicheze. Hii inasaidia kitu kimoja cha kweli, kwamba Hamza hatarudi kwenye kile kidonda kila jioni. Watu wanaofanya kazi hizi kwa muda mrefu wanajihadhari sana na mwenye stori kujicheza mwenyewe, wanapenda mwenzake aibebe na yeye akae pembeni aiangalie. Lakini mama atakaa pale pale na shati litakua lile lile, na Tanga sio kubwa.

Kuibadilisha. Shati liwe kitu kingine, mwana awe binti, bandari iwe hospitali au shule, uongo uwe wa namna nyingine, tofali zisitajwe kabisa. Hapo utapoteza baadhi ya ule ukweli wa mkono, sitakudanganya, kile kifungo kinachoingia tundu la pili hakibuniki kirahisi. Ila kinaweza kuzaa kitu ambacho hamjakiona bado. Na hii muifanye na Hamza, neno la mwisho awe nalo yeye, kwa sababu yeye tu ndo anajua ni alama gani mama yake ataitambua.

Kuitoa, muone pengo. Kusogeza tarehe, kama mwenye ukumbi atawaelewa, najua nusu mmeshalipa. Na ipo ile ambayo sio ya kwako kuichagua, Hamza aongee na mama yake kabla, nyumbani, bila watazamaji. Akikuuliza mwambie unavyofikiri. Asipouliza, hiyo ni nyumba yake.

Na yoyote mtakayoichukua, msiache watu watoke ukumbini mikono mitupu. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya namna hii na wanakijiji kule Malya, mkoa wa Mwanza, na kwenye kazi zao igizo likiisha kazi bado haijaisha, watu wanakaa wanajadili walichokiona, mjadala ndo nusu ya kazi yenyewe. Igizo lenu linagusa kila nyumba yenye kijana aliyekaa na cheti. Kina mama watakua na la kusema, na vijana waliolala na madeni ya simu pia. Pangeni nani atakaa nao.

Sasa Hamza mwenyewe. Kwenye barua nzima umeniambia anavyocheza na alivyokuangalia, hujaniambia anaendeleaje. Yale madeni ya kausha damu yameisha? Wale jamaa wanampigia bado? Analala? Mtu aliyekaa miezi saba peke yake chini ya mti na hakuna mtu duniani anayejua yuko wapi, huyo amepita mahali pagumu, na sini inamrudisha pale mara tatu kwa wiki halafu mnafunga madirisha kila mtu anaenda kwao. Kabla hamjaongea habari ya igizo muulize hilo, na ukimsikia anaongea kama mtu aliyechoka kuishi usimuache peke yake usiku huo, mpelekeni hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii, muende naye sio kumuelekeza njia. Na lile la "mwambie mama asije", sina haja ya kukuambia kitu, umeliandika wewe mwenyewe kwa sababu linakuuma.

Nimefika kwenye swali lako la aibu. Unasema hakuna kitu kimewahi kukuamsha na hamu kama igizo hili, na likiharibika hujui unarudi wapi. Umetengeneza igizo la vijana watano wanaotafuta maana ya maisha na wewe ni wa sita, hujajipa sehemu lakini umo. Mimi sioni ubaya hapo, naona mtu aliyepata kitu anachokipenda akiwa na miaka 25, wengi tunafika 60 tunakitafuta. Ila niambie, ni nini hasa kinachokuamsha? Ni ule usiku mmoja wa ukumbini, taa, makofi, mzee wa viti? Au ni zile jioni za darasani, mtu anaweka beji ya elfu hamsini mezani na hakuna anayecheka? Kama ni usiku ule, basi kweli wiki tatu hizi zina uzito wote unaoupa. Kama ni zile jioni, hizo hazipo kwenye mikono ya Hamza wala ya mzee, na wenzako wanane wanazihitaji kama wewe. Sijui ni lipi. Inaweza kuwa yote. Na suala la kibanda lipo pale pale, hela ya kula haingoji maana ipatikane, ukitaka tuliongelee hilo peke yake niandikie.

Wewe sio mtu mbaya. Mtu mbaya hakeshi saa nane.

Kitu kimoja nimekibakiza makusudi. Ulimuuliza Hamza kwanini, akakujibu "mama kaulizia shati". Wewe ukasubiri sababu, akaongezea ya kikoba na sare, ukaichukua hiyo ya pili. Ile ya kwanza ilikua ndo sababu yenyewe. Asubuhi moja mama kawasha mkaa, kaenda kulichukua shati alipige pasi kama kila siku, halipo. Na Hamza akasimama pale akaambiwa mwanangu shati lako jeupe liko wapi, na jibu la kweli ni kwamba lipo kwenye begi lako wewe, na jibu lingine lolote ni uongo mwingine tena, kwa mama yule yule, juu ya shati lile lile.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha kikundi, kabla ya kumpigia mzee, lifungue begi ulitoe. Litakua na jasho la mazoezi, usilifue, mwache alifue anayelifuaga. Mpelekee Hamza mkononi, mkae hata kwenye zile tofali kama mama ametoka, na usianze wewe kuongea.